Kupima hewa ukaa ya miji mikubwa kwa setilaiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ramani zinazoonyesha miji mikubwa ikiwa imewiva kwa rangi nyekundu ya kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa, husambaa sana, na maelezo yanayoambatana nazo mara nyingi huwa na kasoro. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia zaidi kwa wanahabari, wanafunzi, maofisa mazingira wa halmashauri za miji, na wakazi wanaotaka tu kujua mji wao unatoa nini. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe halikubali mkato.

Kaboni dioksidi haina rangi. Setilaiti inaionaje?

Inachokiona ni mwanga wa jua. Mwanga hushuka kupitia angahewa, hugonga ardhi, kisha sehemu yake hurudi juu na kuingia kwenye chombo kilichoko kwenye setilaiti. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, molekuli za kaboni dioksidi hunyonya vipande mahususi vya mwanga wa infraredi, hasa karibu na mikromita 1.61 na 2.06. Kifaa kiitwacho spektromita huutawanya mwanga huo katika mawimbi yake, na pale uliponyonywa huonekana mistari ya giza. Kadiri mistari inavyokolea, ndivyo gesi ilivyo nyingi zaidi njiani.

Hata hivyo, mistari iliyokolea inaweza pia kumaanisha tu kwamba mwanga umepita kwenye hewa nyingi, labda kwa sababu ardhi ya hapo iko chini zaidi. Ndiyo maana setilaiti nyingi za aina hii zina mkondo mwingine unaopima oksijeni, karibu na mikromita 0.76. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa kavu kila mahali, kwa hiyo hutumika kama kipimo cha hewa yote iliyopitiwa. Ukigawanya kimoja kwa kingine unapata wastani wa kaboni dioksidi katika safu nzima ya hewa, kuanzia ardhini hadi ukingo wa angahewa.

Neno la kushika hapo ni "safu nzima". Makosa mengi ya usomaji wa ramani hizi huanzia kwenye kulisahau.

Mashine ya mtaani inasoma 450, setilaiti juu ya mji huohuo inasema 425. Ipi imekosea?

Huenda zote ziko sahihi. Namba hizo ni sehemu kwa milioni, yaani ppm: kati ya molekuli milioni moja za hewa kavu, ngapi ni za kaboni dioksidi. Mashine ya mtaani inapima hewa iliyo jirani na mabomba ya moshi ya magari. Setilaiti inapima hewa hiyo pamoja na kilomita nyingi za hewa iliyoko juu yake, ambayo kwa sehemu kubwa haina habari na mji ulio chini.

Fanya hesabu ndogo. Hewa ya mji mchana huchanganyika vizuri hadi kimo cha kilomita moja hivi, na kilomita hiyo ya kwanza hubeba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa angahewa lote. Moshi wa mji ukiongeza ppm 30 ndani ya tabaka hilo, safu nzima itaongezeka kwa takriban ppm 3 tu. Anayelinganisha namba hizi mbili moja kwa moja analinganisha vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo mji mkubwa unaongeza kiasi gani hasa kwenye kipimo cha setilaiti?

Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa kutumia setilaiti ya Kijapani ya GOSAT ulikuta ongezeko la takriban ppm 3.2 juu ya Los Angeles na ppm 2.4 juu ya Mumbai, ukilinganisha na hewa ya maeneo ya jirani. Vipimo vya baadaye vyenye macho makali zaidi vimeonyesha tofauti za ppm kadhaa ndani ya bonde lilelile la Los Angeles. Weka namba hizo kando ya kiwango cha kawaida cha dunia, ambacho sasa kimevuka ppm 420: alama ya mji wenye mamilioni ya watu haifiki asilimia 1 ya kinachopimwa. Ni kama kutaka kujua uzito wa abiria mmoja kwa kupima jahazi zima, mara akiwemo na mara akiwa ameshuka.

Ndiyo sababu kazi hii ilichukua muda mrefu kukomaa. Kosa la ppm 1 linaonekana dogo kwa mtu anayefuatilia wastani wa dunia, lakini kwa mji ni sawa na kupoteza theluthi au nusu ya kitu unachokitafuta. Vumbi likiongezeka kidogo, wingu jembamba lisilotambuliwa likipita, au ardhi ikiwa ya rangi inayorudisha mwanga kwa namna tofauti, kosa la kiasi hicho hujitokeza kwa urahisi kabisa.

Ni setilaiti zipi zinazofanya kazi hii?

GOSAT, ambayo Wajapani wenyewe huiita Ibuki, ilirushwa Januari 2009 na ndiyo iliyofungua njia kama setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya gesi joto. Mwezi uliofuata Marekani ilirusha OCO, ikapotea wakati wa kurushwa. Mbadala wake, OCO-2, uliruka Julai 2014. Inazunguka kwenye kimo cha kilomita 705 na kupita kila sehemu mapema mchana, na kila alama ya kipimo chake ardhini ina ukubwa usiozidi kilomita 3 za mraba. China ilirusha TanSat mwishoni mwa 2016, Japani ikaongeza GOSAT-2 mwaka 2018.

Kwa miji, chombo kilicholeta mabadiliko makubwa zaidi ni OCO-3, kilichopelekwa Mei 2019 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. OCO-2 huchora ukanda mwembamba wa upana wa kilomita 10 hivi, na ukanda huo ukiukosa mji kwa kilomita 20, basi umeukosa. OCO-3 ina kioo kinachozunguka, hivyo inaweza kuuelekea mji na kuufagia mstari kwa mstari hadi ipate eneo la karibu kilomita 80 kwa 80, na kazi yote humalizika kwa dakika mbili hivi. Tena, kwa sababu kituo hicho hakipiti mahali kwa saa ileile kila siku, inaweza kuupima mji asubuhi leo na alasiri wiki nyingine. Kwa mara ya kwanza watafiti waliweza kuona sura ya hewa ukaa ndani ya mji: upande upi umekolea, upande upi umepoa, na upepo umeisukuma kuelekea wapi.

Unatokaje kwenye ppm hadi kwenye tani?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yote, kwa sababu halmashauri ya mji haiwezi kuweka lengo la kupunguza ppm. Inaweka lengo la kupunguza tani.

Tuseme setilaiti imepita upande ambao upepo unaelekea baada ya kuvuka mji, ikakuta ukanda wa hewa wenye upana wa kilomita 30 uliozidi mazingira yake kwa wastani wa ppm 1. Juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi kuna hewa yenye uzito wa takriban tani 10, na ppm 1 ya kaboni dioksidi ndani ya safu hiyo ni karibu gramu 15.6. Zidisha kwa upana wa mita 30,000, unapata kilo 468 kwa kila mita moja ambayo hewa inasonga mbele. Upepo ukiwa na kasi ya mita 4 kwa sekunde, kilo 1,872 zinauvuka mstari huo kila sekunde, sawa na tani 6,700 na ushei kwa saa.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Sema kasi halisi ya upepo ilikuwa mita 5 kwa sekunde, na wewe ulitumia 4. Jibu linaruka hadi zaidi ya tani 8,400 kwa saa, bila mji kuongeza hata gari moja barabarani. Kasi ya upepo haitoki kwenye setilaiti hii. Inatoka kwenye modeli za hali ya hewa, na juu ya mji wenye vilima au ulio kando ya bahari modeli hizo hukosea. Kwa hiyo makadirio yanayotokana na mpito mmoja yaheshimiwe kama makadirio ya mpito mmoja. Uzito wake huja pale mipito mingi ya siku tofauti inapoelekea jibu moja.

Na usizidishe tani za saa hiyo moja kwa saa zote za mwaka. Setilaiti imepita mchana wakati magari yapo barabarani. Saa nane usiku mji una hesabu nyingine kabisa.

Miji tayari inahesabu mafuta na umeme inaotumia. Setilaiti inaongeza nini?

Inaongeza shahidi ambaye hakuandaliwa na mwenye hesabu. Utafiti wa mwaka 2021 uliopitia taarifa za miji 48 ya Marekani, na kuzilinganisha na makadirio huru yaliyojengwa kutoka takwimu za mafuta, barabara na viwanda, ulikuta kwamba kwa wastani miji hiyo iliripoti pungufu kwa asilimia 18.3. Miji mingine ilizidisha, mingine ilipunguza mno. Si lazima mtu awe amedanganya. Mji mmoja unahesabu bandari yake, mwingine hauihesabu. Mmoja unaweka uwanja wa ndege, mwingine unauacha kwa serikali kuu.

Ikiwa miji yenye ofisi kamili za takwimu inatofautiana kiasi hicho, fikiria mji unaokua kwa kasi ambako sehemu kubwa ya umeme hutoka kwenye jenereta za majumbani na mafuta huuzwa kwa njia ambazo hakuna anayeziandikia risiti. Hapo hesabu ya mezani hukosa vitu vikubwa, lakini angahewa haikosi hata tone. Kwa maoni yangu, miji ya namna hiyo ndiyo inayoihitaji teknolojia hii kuliko yote, na ndiyo iliyofanyiwa utafiti mdogo zaidi.

Je, mji wenye rangi nyekundu zaidi kwenye ramani ndio mchafuzi mkubwa zaidi?

Hapana, na tafadhali usiandike kichwa cha habari cha namna hiyo. Rangi inaonyesha gesi iliyopo hewani wakati huo, haionyeshi gesi iliyotoka. Los Angeles imekaa kwenye bonde lililozungukwa na milima ambayo huifungia hewa yake, kwa hiyo gesi hujikusanya. Mji wa pwani wenye upepo mkali unaweza kutoa tani zilezile na ramani yake ikaonekana safi, kwa kuwa gesi imeshapelekwa baharini kabla setilaiti haijafika. Mji huohuo utaonekana mwekundu Jumatatu yenye utulivu na hafifu Jumanne yenye upepo.

Kabla ya kulinganisha miji miwili, uliza maswali matatu: kasi ya upepo ilikuwa kiasi gani, hewa safi ya kulinganishia imechukuliwa wapi, na ni mipito mingapi imetumika. Ramani isiyojibu maswali hayo itazame kama picha tu.

Kwa nini watafiti huzungumzia naitrojeni dioksidi wakati wanachotafuta ni kaboni?

Kwa sababu gesi hizo mbili hutoka kwenye moto uleule, wa injini, tanuri au mtambo wa umeme, lakini zina tabia tofauti. Kaboni dioksidi iliyotoka leo inachanganyika na ile iliyolimbikizana kwa vizazi vingi, kwa hiyo kuitambua ni kazi. Naitrojeni dioksidi hudumu kwa saa chache tu wakati wa mchana, hivyo inapoonekana, chanzo chake kiko karibu. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huichora kila siku karibu dunia nzima. Watafiti huitumia ramani hiyo kuonyesha mpaka wa wingu la moshi, kisha ndani ya mpaka huo wanapima kaboni. Uwiano wa gesi hizi mbili hubadilika kulingana na aina ya injini na mafuta, kwa hiyo moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Setilaiti inapima mji mara ngapi?

Mara chache, na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. OCO-2 hurudia njia yake kila baada ya siku 16. Hukusanya karibu vipimo milioni moja kwa siku, lakini takriban moja ya kumi tu ndivyo vinavyosalia baada ya kuondoa vilivyoharibiwa na mawingu. Usiku haifanyi kitu, kwa sababu hakuna mwanga wa jua wa kupima.

Matokeo yake ni upendeleo usiokusudiwa. Miji ya jangwani kama Riyadh na Cairo ina anga wazi karibu mwaka mzima, na imekuwa kipenzi cha watafiti. Miji ya ukanda wa ikweta, yenye mawingu mazito miezi mingi, hupata vipimo vya kuhesabika. Setilaiti ya China ya Daqi-1, iliyorushwa Aprili 2022, inapunguza sehemu ya tatizo hilo kwa kubeba leza yake yenyewe, hivyo inaweza kupima hata usiku. Wingu zito bado linaizuia.

Inajua tofauti kati ya moshi wa gari, pumzi ya watu na miti?

Yenyewe haijui. Molekuli ya kaboni dioksidi ni ileile popote ilipotoka, na setilaiti hizi hazibebi uwezo wa kutofautisha asili yake.

Mimea ndiyo inayosumbua zaidi. Mchana wa msimu wa majani, miti ndani na nje ya mji hunyonya kaboni nyingi kiasi cha kuficha sehemu ya moshi. Kule Mauna Loa, Hawaii, ambako vipimo vya kudumu vilianza mwaka 1958, kupumua kwa mimea ya kaskazini mwa dunia hupandisha na kushusha kiwango kwa takriban ppm 6 kila mwaka, zaidi ya alama ya miji mingi. Kwa hiyo watafiti huweka modeli ya mimea kwenye hesabu, au huchagua msimu wa ukavu.

Pumzi ya binadamu ni kama kilo moja kwa mtu kwa siku. Kaboni hiyo imetoka kwenye chakula, na mimea ya chakula iliichukua kutoka hewani muda mfupi uliopita, kwa hiyo kwa dunia nzima hesabu inajifuta. Lakini chakula kililimwa kwingine na kimeliwa mjini, hivyo juu ya mji wa watu milioni 10 pumzi inaonekana, na inapaswa kutolewa kwenye hesabu.

Njia ya uhakika ya kutenganisha ni kupima maabara kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo hupungua kadiri muda unavyopita. Makaa ya mawe na petroli vimekaa ardhini muda mrefu mno kiasi kwamba kaboni-14 yake imekwisha. Kazi hiyo bado inahitaji chupa za hewa zilizojazwa kwa mkono.

Je, inaweza kuonyesha kiwanda kimoja?

Mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe, ndiyo. Bełchatów nchini Poland ndio mfano mzuri: watafiti walikusanya mipito ya OCO-2 na OCO-3 ya miaka kadhaa, na makadirio yao yalipanda na kushuka sambamba na umeme uliozalishwa pale. Gari moja, jengo moja au mtaa mmoja, hapana.

Hewa ukaa ya kiwango hiki inadhuru mapafu?

Kwa viwango vya nje ya nyumba, hapana. Kinachoumiza mapafu mjini ni chembechembe za moshi, naitrojeni dioksidi na ozoni, na hizo zina vipimo vyake. Madhara ya kaboni dioksidi hapa ni kwa tabianchi.

Kufungwa kwa shughuli mwaka 2020 kulionekana?

Naitrojeni dioksidi ilishuka waziwazi juu ya miji mingi. Kaboni dioksidi ilikuwa ngumu zaidi: utoaji wa dunia kutokana na mafuta ya kisukuku ulipungua kwa takriban asilimia 5 mwaka huo, lakini kilichopungua ni nyongeza, si limbikizo. Kiwango cha angahewa kiliendelea kupanda. Mtu akikuonyesha picha mbili za "kabla na baada" na kudai hewa ukaa ya mji ilitoweka, inawezekana sana anakuonyesha naitrojeni.

Vituo vya ardhini vina kazi gani tena?

Vina kazi kubwa kuliko zamani. Setilaiti husahihishwa kwa mtandao wa TCCON, ambao vifaa vyake hulitazama jua moja kwa moja kutoka ardhini na kupima safu ileile ya hewa. Bila hivyo, chombo kikianza kupotoka taratibu angani hakuna atakayegundua. Vilevile, vituo vya ndani ya mji hupima usiku, hupima chini ya mawingu, na hupima kila saa. Mji wa Indianapolis, uliowekewa minara ya vipimo tangu 2010 hivi, umewafundisha watafiti mengi ambayo setilaiti peke yake isingeweza. Tatizo ni mgawanyo: vituo vya TCCON barani Afrika ni haba mno ukilinganisha na Ulaya na Marekani ya Kaskazini.

Nini kinakuja, na kuna hatari gani?

Japani ilirusha GOSAT-GW mwishoni mwa Juni 2025, na chombo hicho kinapima kaboni dioksidi, methani na naitrojeni dioksidi kwa pamoja. Ulaya inaandaa kundi la setilaiti liitwalo CO2M, lenye ukanda wa kilomita 250 na alama za kilomita 2 kwa 2, nalo pia litabeba kipimo cha naitrojeni. Ukanda mpana kiasi hicho utafanya mji kupimwa kwa ukamilifu bila kusubiri bahati ya njia.

Hatari ni kukatika kwa mfululizo. Pendekezo la bajeti ya Marekani kwa mwaka 2026 lilitaka OCO-2 na OCO-3 zisimamishwe, wakati zote mbili zilikuwa bado zinafanya kazi. Thamani ya vipimo hivi iko kwenye urefu wa rekodi: mji unaoahidi kupunguza utoaji kwa miaka kumi unahitaji kupimwa miaka kumi, kwa vyombo vilivyopishana muda wa kutosha kulinganishwa kimoja na kingine. Pengo la miaka miwili halizibiki baadaye kwa fedha za kiasi chochote.

Naweza kupata data mwenyewe?

Ndiyo, bure. Vipimo vya OCO-2 na OCO-3 hupatikana kwenye tovuti ya Earthdata ya NASA baada ya kufungua akaunti, na vya GOSAT hutolewa na taasisi za Japani. Anza na mafaili yaliyopunguzwa, yale yanayoitwa Lite, ambayo tayari yamefanyiwa masahihisho. Kila kipimo kina alama ya ubora: tumia chenye alama 0 tu, hata kama ramani yako itabaki na matundu mengi. Chagua eneo la hewa safi upande ambao upepo unatokea kabla ya kufika mjini, na lisiwe na tofauti kubwa ya mwinuko na mji wenyewe. Kisha pakua data ya upepo ya ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia inayotengenezwa Ulaya, kwa saa ileile ya mpito, uichore mishale yake juu ya ramani kabla ya kuanza kueleza rangi.